Ukiwa huwezi kusema, simu yako itasema nini?

Pale Lukaya, Uganda, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, teksi yetu ilisimama kwa sababu magari yote ya mbele yalikuwa yamesimama. Wauza gonja, zile ndizi za kuchoma, na kuku wa vijiti hawakukimbilia madirishani kama kawaida yao. Walikuwa wamekusanyika upande wa pili wa lami.

Bodaboda ilikuwa imelala mtaroni. Abiria wake, kijana, alikuwa amelazwa kwenye nyasi. Alikuwa anapumua, macho amefumba, hasemi. Mwanamume mmoja alikuwa ameshika simu ya yule kijana. Akakichukua kidole gumba chake, akakifuta damu kwa ncha ya shati, akakibandika kwenye simu. Simu ikatetemeka, ikakataa. Akajaribu kidole kingine. Ikakataa tena, halafu ikadai namba ya siri.

"Tungoje," mama mmoja akasema. "Atapiga mtu."

Basi watu wazima wote pale, mimi nikiwemo, tukasimama tukiingoja simu ilie.

Ikalia. Aliyepiga alikuwa mteja anauliza viatu vyake vimefika wapi. Hakumjua kijana zaidi ya kumjua kwa biashara. Pikapu ikapatikana, kijana akapelekwa Masaka, na teksi yetu ikaendelea na safari. Sikujua ndugu zake walipata habari saa ngapi.

Hilo la mwisho ndilo lililokataa kunitoka kichwani kwa wiki nyingi.

Kufuli halichagui mtu

Tunafunga simu zetu kwa sababu nzuri. Ndani yake mna pesa, mna picha za watoto, mna mazungumzo ya nyumbani. Anayepita katikati ya Kampala jioni na simu isiyofungwa anajitafutia hasara. Lakini kufuli lile lile linalomzuia mwizi linamzuia na msamaria.

Zamani halikuwa tatizo. Mwaka 2005, mhudumu wa ambulensi wa Uingereza aitwaye Bob Brotchie aliwashauri watu wamhifadhi ndugu mmoja kwenye simu kwa herufi tatu, ICE (kwa Kiingereza In Case of Emergency, yaani ikitokea dharura), ili yeyote atakayewaokota ajue nani wa kupigiwa. Wazo likaenea nchi nyingi. Simu za wakati ule zilikuwa za vitufe, na nyingi hazikuwa na namba ya siri, kwa hiyo mtu alifungua orodha ya majina akapiga. Mama yangu bado anatumia katochi ya aina hiyo, na ukweli ni kwamba angeanguka barabarani leo, angetambuliwa haraka kuliko mimi mwenye simu janja.

Watengenezaji wa simu waliliona hilo, wakaweka mlango mdogo nje ya kufuli. Kwenye simu nyingi za Android za miaka ya karibuni, ingia kwenye Mipangilio, tafuta sehemu ya usalama na dharura. Humo utaweka jina lako, maradhi uliyonayo, dawa unazotumia, mzio, na namba za ndugu. Kwenye iPhone, kazi hiyo inafanyika ndani ya programu ya Health, sehemu inayoitwa Medical ID, na lazima uruhusu ionekane simu ikiwa imefungwa. Ukishamaliza, mtu yeyote akiibonyeza "Simu ya dharura" pale chini ya namba za siri, kisha akagusa sehemu ya maelezo ya dharura (kwenye iPhone, Medical ID), atayaona maelezo yako na ataweza kumpigia ndugu uliyemtaja bila kufungua kitu kingine chochote.

Nilijaza yangu usiku ule ule niliporudi. Nikalala nikidhani nimemaliza.

Mwenyekiti wa steji

Asubuhi moja nilimwendea mwenyekiti wa steji ya bodaboda ya mtaani kwetu, mzee anayenibeba tangu nihamie hapa. Nikampa simu yangu ikiwa imefungwa.

"Mwenyekiti, tuseme nimeanguka, sijitambui. Mtafute ndugu yangu."

Akaiwasha. Akapandisha kidole juu, zikatokea tarakimu za namba ya siri. Maneno ya simu ya dharura yalikuwa pale pale chini, mbele ya macho yake. Hakuyagusa.

"Na hapo chini?" nikamuuliza.

"Hapo ni polisi, dada. Nikibonyeza hapo, namba yako inapiga polisi, wanakuja kunikuta mimi nimeshika simu ya mtu aliyelala chini. Nitaanza kujieleza."

Sikuwa na jibu. Anayoyasema si ujinga. Ni maarifa ya mtu aliyekaa barabarani miaka mingi. Kuigusa sehemu hiyo hakupigi polisi papo hapo, kunafungua ukurasa tu, lakini mtu aliyeinama juu ya majeruhi hana muda wa kujaribu ili ajue.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaigeuza simu, akaivua kava. Akachungulia ndani.

"Watu wanaweka huku," akasema. "Kitambulisho, noti ya elfu tano, risiti. Mimi ningeanzia huku."

Hapo ndipo mawazo yangu yote juu ya jambo hili yalipogeuka. Nilikuwa naipanga simu kama mwenye simu. Yeye aliitazama kama mwokoaji, na mwokoaji wa kwanza kwenye barabara zetu si mhudumu wa ambulensi aliyefundishwa. Ni muuza gonja, ni dereva wa lori, ni mwenye bodaboda. Kinachohitajika ni kile ambacho mtu huyo atakiona bila kubonyeza chochote.

Kwa hiyo nikaenda mbele zaidi. Simu nyingi zina nafasi ya kuandika mstari mmoja wa maneno juu ya skrini iliyofungwa. Itafute kwenye mipangilio ya skrini hiyo. Kama simu yako haina, au ni ya bei nafuu na mipangilio yake ni finyu, tengeneza picha: andika kwenye karatasi kwa kalamu nene neno "Ndugu" na namba, ipige picha, iweke iwe picha ya mbele ya skrini. Hata simu janja dhaifu inakubali hilo. Ukiiwasha tu, namba inakutazama.

Na karatasi yenyewe usiitupe. Iweke nyuma ya kava, maana simu ikiisha chaji au kioo kikivunjika, hayo mengine yote hayapo.

Lakini mwizi naye anasoma

Nilipomweleza dada yangu kwamba namba yake sasa iko wazi juu ya simu yangu, alikasirika. Na alikuwa na haki.

Sote tumeshapokea zile simu. "Ndugu yako amepata ajali, yuko hospitali, tuma pesa ya mafuta ya gari haraka." Mwizi akiniibia simu pale Old Taxi Park, kituo cha teksi cha Kampala, sasa nimempa na namba ya mtu anayenipenda. Ana simu yangu mkononi, ana namba ya dada, anaweza hata kumpigia kutoka laini nyingine na kuitaja simu yangu rangi yake na kava yake. Nani asingetuma?

Nilikaa na hofu hiyo siku kadhaa. Niliiondoa ile picha, nikairudisha, nikaiondoa tena. Tatizo ni kwamba majibu ya kawaida hayafai hapa. Watu husema "mwambie anayepiga akupe ndugu yako uzungumze naye kwanza", lakini simu yote hii tumeipanga kwa ajili ya siku ambayo sitaweza kuzungumza. Neno la siri la familia nalo halisaidii: aliyezimia halitamki.

Tulichokubaliana mwishowe na dada ni hiki. Akipigiwa, hatumi shilingi kwa namba ya aliyepiga, hata akililiwa. Atauliza ni hospitali gani au kituo gani cha polisi kilicho karibu, kisha yeye mwenyewe atamtafuta mtu tunayemjua wa upande ule aende kwa miguu yake. Tuna ndugu Masaka, tuna rafiki Gulu, tuna shangazi Bombo. Tuliandika orodha ya watu hao mji kwa mji, na kazi hiyo ilitufanya tuwapigie watu ambao hatukuwa tumesalimiana nao muda mrefu. Pesa, kama inahitajika, itapitia kwao.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: namba ya nani? Wenye ndoa huandika mume au mke. Lakini siku ya safari ya Krismasi au ya Idi, mume na mke wako ndani ya gari moja. Weka angalau namba moja ya mtu ambaye husafiri naye, ambaye simu yake huwa imewashwa, na anayeweza kuelewana na atakayepiga. Mama yangu ana Kinubi na Kiswahili. Akipigiwa kutoka kijiji cha Acholi na mtu aliyechanganyikiwa, watapotezana. Dada yangu atajikongoja kwa lugha nyingi. Ndiyo maana yeye ni wa kwanza na mama ni wa pili.

Damu, dawa, na mambo ya ndani

Kundi la damu ndilo kila mtu hukimbilia kuliandika. Nesi mmoja ninayemfahamu alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema: "Damu tutaipima wenyewe. Hatuwezi kumwekea mgonjwa damu kwa sababu simu imesema." Alichokitaka yeye ni kingine: je, huyu ana kisukari? Ana kifafa? Ana pumu, ana selimundu? Penisilini inamdhuru? Anameza dawa za kuyeyusha damu? Mtu wa kisukari ambaye sukari imeshuka anaweza kuonekana kama mlevi kando ya barabara, watu wakampita. Mstari mmoja wa maandishi unaibadilisha hali hiyo.

Halafu ukimya ukaja kati yetu, kwa sababu tulikuwa tunafikiria jambo moja.

Je, anayetumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, aandike?

Kitabibu, daktari anahitaji kujua dawa zote alizonazo mgonjwa mwilini. Lakini skrini iliyofungwa haisomwi na daktari peke yake. Inasomwa na mwenye nyumba, na mfanyakazi mwenzako, na shemeji aliyeiokota simu sebuleni. Nchi yetu imepiga hatua kubwa katika kusema wazi juu ya ugonjwa huu, na bado kuna nyumba ambazo neno hilo likionekana, ndoa inakwisha. Mimi siwezi kumwambia mtu ajianike ili simu yake iwe kamili.

Ninachoamini ni kwamba si lazima simu iseme kila kitu. Inatosha iwaunganishe na anayekijua. Andika wazi yale ambayo kutojulikana kwake kunaua kwa dakika: mzio mkali, sukari, kifafa, pumu. Mengine yabaki kwa mtu mmoja unayemwamini, na namba ya mtu huyo ndiyo iwe juu. Nesi alikubali. Alisema hata wao, wakipata ndugu anayejibu maswali, wanafanya kazi vizuri zaidi.

Uko wapi?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu unayempigia, na barabara zetu hazina majibu mepesi. Ndani ya kinamasi cha Lwera, kati ya Kayabwe na Lukaya, kuna mafunjo kushoto na mafunjo kulia. Utamwambia mtu uko karibu na nini?

Simu yako inajua, hata kama bando limekwisha. GPS, ile inayotambua mahali ulipo, haitumii data. Simu inapokea ishara tu kutoka kwa setilaiti zilizo kilomita 20,000 na zaidi juu yetu, na inazipokea hata laini ikiwa haina mtandao kabisa. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, na hiyo unaweza kuipakua nyumbani kabla ya safari, kwenye Google Maps au kwenye Organic Maps. Bila mtandao simu huchelewa kidogo kujipata mara ya kwanza. Toka chini ya mti au paa, uipe anga, ungoje.

Kisha bonyeza na ushikilie pale ulipo kwenye ramani. Zitatokea namba mbili ndefu zenye nukta. Hizo zinakwenda kwa SMS ya kawaida, hazihitaji WhatsApp, na tarakimu nne baada ya nukta zinatosha kukuweka ndani ya mita kumi na kitu.

Sasa sikiliza, wewe unayesafiri Uganda. Ikweta inapita hapa. Ukivuka ile alama ya ikweta ya Kayabwe kwenda kusini, namba ya kwanza inapata alama ya kutoa mbele yake. Kampala ni 0.34 na zaidi kidogo. Masaka ni −0.34. Mtu anayenakili kwa haraka, au anayezisoma kwa simu huku magari yanapita, akikiacha kile kistari kidogo, amemhamisha majeruhi wa Masaka kilomita 75 hivi kaskazini, akamweka kwenye mashamba ya kati ya Mityana na Mubende. Msafiri wa Nairobi au wa Dar es Salaam huenda asiwahi kulipata tatizo hili, maana miji hiyo yote iko kusini na kistari kipo kila siku. Sisi tunalivuka ndani ya safari moja ya asubuhi.

Ndiyo maana mimi nimehamia kwenye Plus Code, ile misimbo ya herufi na tarakimu ambayo Google Maps huionyesha ukigusa mahali. Msimbo kamili una herufi na tarakimu kumi pamoja na alama ya kujumlisha, na unataja eneo la kama mita 14 kwa 14. Hauna kistari cha kupotea. Misimbo ya Kampala huanza na 6GGJ; ya Masaka huanza na 6GFH. Kuvuka ikweta kumegeuza G ya pili kuwa F (J imekuwa H kwa sababu Masaka iko magharibi zaidi), na herufi ikikosekana ni rahisi kuigundua kuliko kistari. Ramani huufupisha msimbo na kuutaja mji badala ya zile nne za mwanzo. Ukituma huo mfupi, usiache jina la mji.

Simu za Android zenye toleo la 12 na kuendelea zina pia njia ya kitufe cha kuwasha: kibonyeze mara tano kwa haraka na simu inaanza kupiga namba ya dharura. Polisi wetu wanapatikana kwa 999 au 112, lakini mipangilio inakuruhusu kuweka namba nyingine. Iwashe ukipenda. Mimi naiona ni ya mtu anayejitambua, na aliyenisumbua mimi ni asiyejitambua.

Laini mbili, kufuli moja

Kulikuwa na tundu moja limebaki. Mwizi hahitaji kuifungua simu yako. Anachomoa laini, anaichomeka kwenye simu yake, na ujumbe wa kuthibitisha wa pesa na wa barua pepe unaingia kwake. Dawa yake ni PIN ya laini, ambayo iko kwenye mipangilio ya usalama na wengi hawajawahi kuiwasha. Ukikosea mara tatu laini inajifunga hadi uweke PUK, ile namba ya tarakimu nane inayokuja na kadi ya plastiki ya laini. Ihifadhi nyumbani.

Ila laini yenye PIN ina gharama yake. Simu ikianguka ikazimika na kuwaka upya, laini inangoja PIN, na hakuna simu itakayoingia. Pale Lukaya, hata yule mteja wa viatu asingepatikana.

Kwa kuwa wengi wetu tuna laini mbili, nimezigawa. Laini ya pesa ina PIN. Ile nyingine, ya kupigiwa na watu wa nyumbani, iko wazi na haina salio la kuibiwa wala akaunti iliyosajiliwa kwayo.

Simu ya mwenyekiti

Nilirudi steji kumwonyesha mwenyekiti nilichofanya. Akaitazama skrini yangu, akaridhika, akatoa ya kwake. Ni simu ya miaka mingi, kioo kina ufa, na sehemu ya dharura tuliitafuta hatukuiona. Tukachukua karatasi ya daftari lake la hesabu na kalamu nene.

"Niandike namba ya mke wako?"

Akafikiri. Mke wake yuko kijijini, hawana umeme, simu inapelekwa dukani kuchajiwa na mara nyingi mchana imezimwa. Akataja namba ya mwendesha boda mwenzake anayeketi naye hapo kila siku, anayeijua njia ya kwao. Halafu akasema ya mke nayo iwepo, kwa herufi ndogo, chini yake. Tukaipiga picha, tukaiweka mbele ya skrini, na ile karatasi akaikunja mwenyewe akaiingiza nyuma ya kava, pamoja na leseni yake.